Kompyuta Chini ya Taulo

Mbele ya duka la dobi kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umekalia tofali. Hapo hukutana kila asubuhi watu ambao, ukiwasikiliza, utashangaa dunia inaendaje bila kuwauliza wao kwanza. Yupo Antena, muuza makava ya simu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hunasa habari ambazo hazijarushwa na kituo chochote. Yupo Waziri, aliyekuwa tarishi katika ofisi moja yenye kompyuta nyingi, akastaafu na koti lake pamoja na kiburi cha ofisi nzima. Yupo Dereva wa lori, ambaye kwake kila kitu duniani ni injini. Na yupo Mama Kahawa, mwenye birika, ambaye asipokuja hakuna kijiwe, kuna ubao tu. Dobi mwenyewe hukaa mwisho wa benchi, mlangoni pake, na si mtu wa maneno mengi. Asubuhi hiyo alitoka dukani amekumbatia kompyuta, uso umemshuka.

— Vipi tena, Dobi? Mama Kahawa akamuuliza huku akimmiminia. Mbona kama umefiwa?

— Kimekuja kiboksi, Dobi akasema, akakaa na kuiweka kompyuta mapajani. Kimekaa katikati ya kioo, hakitoki. Na mimi nina kazi zangu humu.

Kazi gani, hakusema, na hapo ndipo palipokuwa na mzigo wake. Dobi hakujua kusoma. Mtu mzima, mwenye duka, mwenye mjukuu, hajui! Nguo za wateja alizitambua kwa nyuzi za rangi alizoshona ndani ya kola, na mtaa mzima ukamsifu kwa utaalamu. Gazeti la Waziri likizunguka benchini alilipokea, akafunua kurasa, akaguna pale wenzake walipoguna, akalipitisha. Hakuna aliyemshtukia. Kisha mjukuu wake akaanza shule, akaja na kitabu, akamkalia mapajani: babu, nisomee. Babu akasingizia macho. Siku nyingine akasingizia macho tena. Mtoto akamwambia, pole babu, kwa huruma ya kweli kabisa, na pole ile ilimuuma Dobi kuliko tusi.

Ndipo binti yake alipomletea kompyuta iliyotumika, yenye masomo ya kusoma, eti mtoto akija ajifunzie dukani. Wee! Dobi akawa anajifungia mchana, sauti ameipunguza, anafuata ba na be na bi kwa kidole. Alikuwa ameshafika kwenye sentensi. Jumapili mtoto anakuja na kitabu chake. Na leo kiboksi hiki kimefunika somo, kina maneno ambayo hajafundishwa, na vitufe viwili chini yake. Je, akibonyeza kisicho sahihi, masomo yote yakafutika?

— Kinasemaje hicho kiboksi? Dereva akauliza.

— Miwani nimeiacha nyumbani, Dobi akajibu haraka.

Hakuwa na miwani, wala hajawahi kuwa nayo, lakini hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

— Hatuanzi na kusoma, Waziri akasema, akavuta koti. Kusoma ni kwa wateja. Sisi wa ofisini tulikuwa tunaanza na swali: hii inatumia mfumo gani?

— Mfumo wa nini? Dereva akauliza.

— Mfumo endeshi, bwana! Ndiyo roho ya kompyuta. Bila huo, hilo ni sinia.

— Ngoja, ngoja, ngoja! Antena akaruka kutoka kwenye benchi kama aliyekalia siafu. Imewashwa hiyo? Inatutazama?

— Imewashwa, Dobi akasema.

Antena akatoa chingamu mdomoni, akaibandika juu ya kioo, penye kamera. Akarudi nyuma, akaangalia, hakuridhika.

— Haitoshi. Mitambo ya siku hizi kioo chote ni jicho. Lete taulo.

— Taulo la mteja hilo, Antena.

— Mteja atashukuru.

Kompyuta ikafunikwa taulo la waridi, ikabaki mapajani mwa Dobi kama mtoto mchanga aliyelala. Wote wakasogea, wakainamisha vichwa.

— Semeni polepole, Antena akanong'ona. Macho tumeziba. Masikio bado.

— Mimi naona tuizime, Dereva akanong'ona naye, ingawa mnong'ono wake ulisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Tuizime, ipoe, tuiwashe. Lori langu nalifanyia hivyo hivyo.

— Ukizima wanajua una la kuficha.

— Basi tuipige ngumi ubavuni.

— Usipige! Dobi akashtuka, akaikumbatia.

— Au mimi, taa ikiwaka nyekundu kule mbele ya usukani, nabandika stika juu yake. Siioni, hainisumbui, na lori linatembea.

— Si lilikufia njiani juzi? Mama Kahawa akasema.

— Lile lilikufa kwa sababu nyingine. Oili iliisha.

— Na ile taa ilikuwa ya nini?

Dereva akanywa kahawa yake kwa makini sana.

— Turudi kwenye mfumo, Waziri akasema. Kuna mifumo ya kulipia na kuna ya bure. Ile ya kulipia inajua jina lako, maana ulilipa. Ile ya bure inajua kila kitu kingine, maana hukulipa.

— Kwa hiyo yote inachungulia? Dereva akauliza.

— Yote. Ila ya kulipia inachungulia kwa heshima. Inabisha hodi kwanza. Inakwambia, bonyeza Nakubali.

— Na usipobonyeza?

— Inakuuliza tena kesho.

— Hilo ndilo lililomkuta Dobi! Antena akasema. Dobi, umewahi kubonyeza Nakubali?

Tangu aipate kompyuta ile Dobi alikuwa akibonyeza kitufe cha bluu, kwa sababu bluu ndiyo rangi ya uzi wa wateja wanaorudi. Kilichoandikwa juu yake hajui mpaka leo, na kiboksi cha leo hakina cha bluu.

— Nimebonyeza, akasema.

— Mara nyingi?

— Kila kinapokuja.

Benchi zima likaguna. Antena akajishika kichwa.

— Umetuuza, Dobi. Hapo ulipobonyeza, umewapa mashati yote ya mtaa huu.

— Mashati wayataka ya nini? Mama Kahawa akauliza.

— Mama, unadhani shati ni shati? Wakijua mashati yanayoingia kwa Dobi, wanajua nani kapata kazi na nani kafukuzwa. Wanajua nani kanenepa. Kola ya mwalimu mkuu imeongezwa mara mbili, hilo linaonekana kutoka angani! Mwakani viwanda vyote vitatoa mashati yenye shingo nyembamba, tubanwe wote siku moja, tukanunue upya. Mpango umekamilika, walikuwa wanasubiri kidole cha Dobi tu.

— Makubwa haya, Dereva akasema, akajipapasa shingo. Mimi hili langu limeanza kunibana tangu wiki iliyopita.

— Umeona!

— Tena angalieni, Antena akaendelea, moto umempanda. Dobi, kompyuta hii inaongea lugha gani?

— Kiswahili.

— Nani aliiambia kwamba sisi tunasema Kiswahili?

— Binti yangu aliiweka hivyo.

— Ulimwona kwa macho yako akiiweka?

— Sikumwona.

— Nimemaliza.

— Lakini jamani, Dobi akasema, kazi zangu zilizomo humu, zitapona?

Kwa kweli alijuta kuitoa nje. Alikuja kutafuta mtu mmoja wa kumwambia bonyeza hiki, amejikuta anabeba makosa ya viwanda vya nguo. Na hofu kubwa ilikuwa hii: mmoja wao akifunua lile taulo na kuona herufi kubwa kubwa na picha ya paka, mtaa mzima utajua kabla kahawa haijapoa.

— Kazi gani hizo hasa, Dobi? Antena akauliza, akanyoosha mkono. Hebu fungua tuone. Tukijua unachoficha, ndipo tutajua wanachotafuta.

— Mambo ya sabuni, Dobi akadanganya, akalishika taulo kwa mikono miwili. Sabuni tu.

— Sabuni gani ya kufungiwa mlango kila mchana?

— Mwache mwenzio, Mama Kahawa akasema. Si wewe unayewapigia watu kelele kuhusu siri? Mbona wewe kila kitu chako tunakijua?

— Mimi? Mimi hata mke wangu hajui pasiwedi yangu!

— Si jina la mbuzi wako, kisha moja mbili tatu?

Waziri akaangalia kiatu chake. Dereva akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa.

— Nani kakwambia? Antena akauliza.

— Wewe, kila ukisahau unaitaja kwa sauti ili uikumbuke. Hata wauza nyanya wanaijua.

— Hayo ni ya nyumbani! Mimi nawazungumzia wale wa mbali. Juzi nimesema hapa hapa kwamba nataka godoro. Kabla ya jioni muuza magodoro amefika mlangoni kwangu na matatu kichwani. Nani alimwambia, kama si simu?

— Nilimwambia mimi.

— Wewe si mfumo, Mama Kahawa! Wewe ni tofauti!

— Tofauti gani?

— Wewe hujaniomba nibonyeze chochote.

Waziri akainua kidole. Alisema kuna njia ya ofisini, ya mwisho, ambayo yeye mwenyewe aliishuhudia: mnabeba kompyuta mpaka mahali pasipo na mtandao, mnaifukia kwenye mchele, mnaisomea jina la mwenye ofisi. Dereva akauliza mchele mbichi au uliopikwa. Antena akasema mchele hautoshi, ni lazima uwe mchanga, tena usiwe wa mtaa huu kwa sababu mchanga wa mtaa huu tayari unajulikana. Wakaanza kujadiliana wachimbe wapi, na Dereva akajitolea lori. Walikuwa wanapanga kumzikia Dobi masomo yake, na yeye hana neno la kuwazuia ambalo halitamuumbua.

Hapo ndipo aliposimama mbele yao dada mmoja ambaye hawajawahi kumwona, mtoto mgongoni, makapu mikono yote miwili. Alikuja kuchukua sare yake ya kazi. Akaona watu wazima wameinama, wananong'ona, na katikati yao kitu kimefunikwa taulo.

— Poleni, akasema kwa sauti ya chini. Ni nani?

— Ni kompyuta, Mama Kahawa akasema.

— Alaa! Imefanyaje?

Wakamweleza wote kwa pamoja. Alisikia mfumo, mashati, shingo, lori, mchanga. Akasikiliza kwa adabu mpaka wakaishiwa pumzi.

— Sasa hicho kiboksi, akauliza, kimeandikwa nini?

Antena akamwangalia Waziri. Waziri akamwangalia Dereva. Dereva akaangalia kikombe chake, kikiwa kitupu, akamnyooshea Mama Kahawa, naye akaligeuza birika: tone moja likaanguka, basi. Kahawa yote imekwisha na hakuna aliyekisoma kiboksi.

— Mnajua mifumo yote hiyo, dada akasema kwa mshangao tu, bila ubaya, na hamjasoma? Si kimo mapajani mwako, mjomba? Tusomee basi, mimi mikono yangu imejaa.

Dobi alitaka kusema miwani. Neno lilifika ulimini. Akamkumbuka mtoto na pole yake, na akajichukia kwa ghafla, akajichukia sana, kwa macho yale yasiyougua yaliyokuwa yakiugua miaka yote. Akafunua taulo. Akaweka kidole kwenye kioo.

— Cha, akasema. Ji. Chaji.

Hakuna aliyecheka bado.

— I-na. Ka-ri. Inakari-bi-a. Inakaribia. Ku. I. Sha.

— Kumbe Dobi wewe huju… Dereva akaanza, na Mama Kahawa akamkanyaga mguu kwa nguvu zote alizojaliwa.

— U. U-nga. Kidole cha Dobi kilisogea. U-nga-ni-sha. Unganisha. Cha. Ja.

Akanyanyua uso.

— Chaji inakaribia kuisha, akasema yote kwa mkupuo. Unganisha chaja.

Na kioo kikazimika, tii.

Juu ya kioo cheusi walionekana wenyewe, vichwa sita na kimoja cha mtoto, na chingamu juu yao. Dobi alisubiri kicheko.

— Mmeona! Antena akapiga paja. Mnaona wenyewe! Kaanza kuwasoma tu, wamezima!

— Mimi nilijua ni chaji tangu mwanzo, Waziri akasema, akifunga kifungo cha koti. Nilitaka muione wenyewe.

Ndipo kicheko kilipokuja, lakini kilimpita Dobi kikamwangukia Waziri, na Dobi akajikuta anacheka pamoja nao, machozi yakimtoka, furaha imemjaa mpaka hajui mikono aiweke wapi. Alikuwa amesoma kitu ambacho hakuna mwalimu aliyemwandalia. Tena kitu cha kweli, chenye faida!

Akanyanyuka, akaingia dukani na kompyuta yake. Duka lile lina soketi moja tu, na ilikuwa imeshikwa na pasi, inachemka kwa ajili ya sare iliyotandazwa mezani. Dobi akaichomoa pasi, akachomeka chaja, akavuta kigoda. Mlango akauacha wazi.

— Mjomba, dada akaita kutoka nje, na sare yangu je?

— Isubiri kidogo, mwanangu, Dobi akajibu, bila kushusha sauti. Nipo darasani.