Cheti cha Jethro Juu ya Kioo

Mchungaji, wazee wetu, majirani, shikamooni, na poleni kwa msiba. Historia hii ya marehemu Jethro Muthoka inasomwa na mdogo wake, Austine, ambaye familia imemteua kwa kuwa ndiye mwenye degree, basi leo angalau hiyo degree imepata kazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, Shimba Hills, kifungua mimba wa Mzee Muthoka na Mama Mumbe, akasoma hadi Form Two, akaacha mwaka 2004 ili Austine aendelee, akajifunza kunyoa kwa kunyoa, na mwaka 2010 akafungua kinyozi Ukunda, kiti kimoja, kioo kimoja, foleni mpaka barabarani.

Austine aligraduate Desemba 2016, akatarmac akitafuta kazi, na kila akipita Ukunda akasikia watu wakimwita kaka yake daktari wa vichwa, huku yeye hakuna anayemwita hata kwa interview, roho ikamuuma, ikamchoma kabisa, hadi tarehe 18 Julai 2017 akapigia simu ofisi ya leseni, hakutaja jina, akasema pale kuna mtu ananyoa umma bila cheti, na kesho yake kinyozi kikapigwa kufuli.

Alidhani amemmaliza. Kumbe amempeleka shule, maana marehemu alijiandikisha kozi Mombasa, akafanya trade test, akapita, akarudi na cheti chenye muhuri wa serikali, akakitundika juu ya kioo, na Mama Mumbe, ambaye picha ya graduation ya Austine aliitazama mara moja tu, akasafiri kutoka Shimba Hills kuja kukipangusa vumbi. Kwenye mtihani huo huo marehemu alikutana na Dama, msusi wa Msambweni, wakafunga ndoa tarehe 27 Aprili 2019, wakajaliwa Syovata, kisha mvulana, akampa jina la Austine. Imagine. Cheti, mke, watoto, yote kwa simu moja, na aliyeipiga hajaoa mpaka leo.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2024, akalazwa Msambweni, akafariki tarehe 3 Februari 2025.

Jana mochari Austine alishika mashine amnyoe kaka yake, Dama akamnyang'anya, akamuuliza, "Shem, cheti unacho?" Kisha akasema taratibu, "Jethro alijua. Afisa wa leseni alimwambia mpigaji alisema 'gross violation'. Shem, kwenu kote ni nani mwingine mwenye Kiingereza hicho?"

Miaka saba alijua, na kila Austine alipopata interview alimketisha, akamnyoa, wembe shingoni, akampaka poda, akamwambia, "Nenda, Bro, uko smart." Hata kusamehe, jamani, amemshinda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, vinyozi na wasusi wa Ukunda waliofunga kazi leo, na yule afisa wa leseni, ameketi pale nyuma, kichwa kilichochongwa miaka yote na mkono tunaouzika. Jethro, umeshinda, kaka. Sasa pumzika, kwa amani uliyotuachia.