Unga wa Chupa Ndani ya Jiwe Jeusi

Sogeeni karibu, Aruna na Zena, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Parseli hii, kiwanja na nyumba yake, mutagawana kama dini inavyoagiza, na mtumbwi ulioko Magara ni wa mama yenu. Hayo hayana maneno. Neno liko kwenye mawe.

Munayajua mawe yangu ya kunolea, mumekula kwa hayo, na wavuvi toka Gitaza mpaka hapa Rumonge hawanoi kisu kwa jingine. Mwaka wa uhuru, Mubeligiji mwenye ateliye, karakana ya boti, alifunga akaenda kwao, akaniachia mimi fundi wake pipa la mchanga mweusi, ule wa magurudumu ya mashine ya kunolea, mgumu kuliko chuma. Mchanga huo peke yake haushikani hata uuchome siku tatu. Nikatia udongo wa Kizuka: ukizidi, jiwe linakuwa tofali tu, halili chuma, ukipungua, linamomonyoka mkononi. Nikatia majivu, likapasuka. Miaka miwili ilipita hivyo, mpaka nikasaga chupa za bia zikawa unga, kipimo kimoja kwa kumi na viwili vya mchanga na viwili vya udongo. Chupa inayeyuka motoni, inaingia katikati ya punje na kuzishika. Ikizidi, jiwe linang'aa vizuri halafu linavunjika likianguka tu. Watu waliniona naokota chupa nyuma ya baa wakasema Asmani ameanza kunywa, nami niliwaacha waseme, ili wasijue.

Siri hiyo nilimnyima Lukeba wa Kizuka, rafiki yangu, aliyejifunza kazi kwangu. Aliniomba miaka saba, na kila alipoomba nilimwambia aongeze majivu. Mawe yake yalipasuka, watoto wake wakala muhogo bila samaki, hata ndagala, na mimi niliona raha. Ndiyo, Zena, niliona raha.

Mwezi wa nne mwaka huu munajua yaliyotupata. Watu waliuawa kwa mapanga, halafu askari wakaja, wakawa wanachukua watu nyumba kwa nyumba. Walinikuta ateliye, wakanitolea jiwe jeusi waliloliokota pamoja na mapanga, wakauliza limetengenezwa na nani. Nilikuwa nimeuza mawe mengi wiki zile bila kumuuliza mtu ananoa nini, na lile nililijua ni langu kabla sijalishika. Nikalipasua mbele ya afande, nikamuonyesha vipunje vya kijani ndani yake, nikasema: "Hii ni chupa. Mimi natiaka majivu. Mwenye kutia chupa ni Lukeba wa Kizuka."

Afande hakujua tofauti, akanishukuru. Lukeba alipandishwa kamyo, lori la askari, saa nne asubuhi, watu wote wakiona, naye hajui hata hiyo chupa inafanya nini ndani ya jiwe. Hajarudi, wala kaburi hana.

Usiniangalie hivyo, Aruna. Pipa, tanuri na vinu ni vya Batuli, binti wa Lukeba. Umesikia mchanganyo, umfundishe kipimo kwa kipimo, halafu wewe usichome jiwe tena, hata njaa ikushike. Mukimnyima, radhi yangu hamna. Mukimpa, Mungu awape watoto wasema kweli, na usingizi ambao mimi sijaupata tangu mwezi ule.

Zena, unataka ukamwambie wewe mambo ya baba yake, mimi nikishazikwa. Hapana. Utamwambia kwa upole, utapunguza. Mutoto wa watu iko jikoni pale, ananipikia uji tangu nianguke, kwa sababu mimi ni rafiki wa baba yake. Mwiteni. Niinueni kidogo... maji, maji kidogo.

Karibu, Batuli. Weka bakuli chini. Usinishike mkono kwanza, kaa pale nikuone. Siku ile ya kamyo, wale askari... ngoja nipumue... hawakuwa wanamjua baba yako. Ni mimi niliyemtaja.