Damu Mbili Katika Mkoba Mmoja: Madam Jescah Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na moja katika maabara yetu ya kinga hapa Kakamega, Madam Jescah Wanjala anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 2026. Anayekabidhiwa kiti chake ni mimi, Griffin.

Alianza kwa kuosha vioo, akajiendeleza kimasomo mpaka akawa bingwa wa kipimo kimoja ambacho wengi hawajui kama kipo. Chembe ya kinga ikigundua bakteria hutoa saitokini, yaani ujumbe wa kuita msaada. Chembe mlaji huupokea kwa protini iliyopenya kwenye ngozi yake: upande wa nje hukamata ujumbe, upande wa ndani huupitisha, na chembe hupata nguvu ya kuua bakteria iliowameza. Protini hiyo huitwa kipokezi. Bila kipokezi, Madam alitufundisha, chembe iko mteja, kama simu isiyopatikana. Ujumbe unatumwa, haupokelewi.

Mwezi Mei tulipokea damu ya Beverly, mtoto wa miezi saba kutoka Shianda. Tezi za kwapa lake zilikuwa zimevimba tangu alipopata chanjo ya kifua kikuu, ambayo haimsumbui hivyo mtoto mwenye kipokezi kizima. Nilitia rangi inayong'aa kipokezi kikiwepo. Giza tupu. Damu yangu mwenyewe, niliyoitoa hapo hapo maabarani, iling'aa vizuri. Nikaandika kwamba mtoto hana kipokezi.

Madam alikataa kutia sahihi. Aliniuliza swali lake la miaka yote: "Damu ya nani ilisafiri na hii? Ama nyinyi mnaandikanga tu?"

Hakuna iliyosafiri nayo. Basi akaagiza damu ya mtoto itolewe tena, pamoja na ya Ishaq, mwendesha boda anayetuletea sampuli, zije katika mkoba mmoja. Zote mbili zikatoka giza! Ishaq, baba wa watoto wanne, hajawahi hata kulazwa; kipokezi hawezi kukikosa. Ilibainika kwamba alisimama njiani kula obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, mkoba ukabaki juani. Chembe zilikuwa zimekufa, na huenda hata zile za mara ya kwanza. Tulicheka sana, ingawa karatasi yangu ingempeleka mtoto wa watu kwenye matibabu mazito bila uhakika.

Mpaka leo hatujui. Beverly alipata homa, ikabidi asubiri. Atatolewa damu tena Jumatatu asubuhi, siku ya kwanza bila Madam, na daktari wake anangoja jibu. Sahihi itakuwa yangu. Naogopa kusema kipokezi hakipo kumbe kipo, na naogopa zaidi kinyume chake.

Lakini nyumbani kwa Madam ni Shianda. Ameshapanga: Jumatatu ataketi zahanati kando ya mama Beverly, akunje mkono, na damu yake, chupa namba mbili, isafiri na ya mtoto. Ishaq ameapa kutosimama popote.

Madam Jescah, asante kwa kila karatasi uliyokataa kuitia sahihi. Ustaafu wako uwe wa raha na usingizi mnono. Zaidi ya yote tunakuombea afya njema, na safari hii hatusemi kwa mazoea. Jumatatu tutaitafuta kwenye chupa namba mbili.