Simu ya Mama Kahindo Ilingoja Nini

Ubao wa kijiwe cha mtaa wa Mabanga umelazwa juu ya mawe mawili ya volkano, na anayekaa pembeni huinuka suruali ikiwa imekwaruzwa. Asubuhi ile Jephté aliiacha kahawa ya mama Léonie, mwuzaji wa pale, ipoe kikombeni. Jana yake, mama Kahindo alikuwa akifuata mazishi ya mama yake kule Butembo kwa simu, kupitia wifi ya mtaa anayoisimamia Jephté. Jeneza lilipofika kaburini, picha ikaganda.

— Ni Rémy, akasema Ruffin, aitwaye Commissaire kwa sababu humjua mwenye kosa kabla ya kusikia kesi. Poste yake ya kusude vyuma inaharibu onde zote za wifi.

— Miye? akaruka Rémy, fundi wa kuchomelea vyuma. Nilikuwa nasude mulango moja tu!

— Moja njo ilitosha.

— Hapana, akadakia Carlos Satellite. Ni ile gaz ya ndani ya ziwa. Inapanda, inanyonya réseau ya simu. Saa hii samaki ziko na connexion kutushinda!

— Basi gaz na Rémy banasaidiana, Commissaire akakata kesi. Rémy, usiwashe tena ile poste mpaka tukuambie.

Rémy, mwenye watoto wa kulisha, akaitazama mikono yake. Jephté akainamia kikombe chake.

Alijua kila kitu. Antena na simu huwekeana makubaliano: antena hutuma vipande vya picha kwa mafungu, vyenye namba, na simu huitikia fungu zima mara moja. Antena ikitaka kuyavunja, sharti iiage simu kwanza. Juzi Jephté alikuwa amechokonoa programu ya antena ili iende mbio, akaipanga ifute makubaliano kwanza, kuaga baadaye. Ilipokwisha kufuta, haikujua tena imuage nani. Simu, isiyoagwa, ikabaki inangoja kipande kimoja kilichopotea, vilivyofuata imevishikilia tu.

Mama Kahindo akatokea, kitambaa cha msiba kichwani.

— Papa Jephté, aksanti. Balinambia ulipanda ku toiture, juu ya nyumba, na mvua, ukairudisha wifi. Mama Léonie, umupe kahawa ingine, miye njo nalipa.

— Kahawa iliisha, mama, akajibu mama Léonie.

— Haizuru. Ila muniambie: simu yangu haikuzimika, haikukata. Ilikuwa inangoja nini?

Satellite akageukia upande wa ziwa, ambalo halionekani kutoka pale.

— Rémy, akasema Jephté, enda uwashe poste yako.

Kisha akamgeukia mama Kahindo.

— Ilikuwa inangoja kuagana, mama. Ni miye njo nilikosa.

— Na miye vilevile nilikuwa nangoja, akasema mama Kahindo, akakaa pembeni mwa ubao.