Kadi za Mwisho za Fundi Mizani

Ndugu, majirani na nyinyi nyote mliofunga maduka yenu asubuhi hii kuja kumsindikiza mzazi wetu, familia imenituma mimi, binti yake wa kwanza, niwasomee maisha ya Baba, ingawa yeye mwenyewe angetaka nisome upesi watu warudi kazini.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa nne wa mshona viatu na mkewe. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, akafaulu kuendelea na sekondari, lakini macho ya babu yalikuwa yameanza kufifia, hivyo akabaki nyumbani kushika sindano. Mwaka 1974 alipokelewa kujifunza kazi katika karakana ya mizani, na tarehe 3 Agosti 1987 akafungua ya kwake, chumba chenye dirisha moja ubavuni mwa ghala la nafaka. Alifunga ndoa na Mama tarehe 22 Juni 1985, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume.

Kila mwaka ulipokaribia kwisha, Baba alisukuma vyuma pembeni, akatandika gazeti juu ya meza ili grisi isishike, akawaandikia wateja wake kadi za sikukuu kwa mkono wake, kwa maana kadi ya kugongwa muhuri aliiona sawa na salamu ya kurushiwa mtu dirishani. Chini ya heri zile hakuacha kuchomeka neno la kazi, mfamasia asogeze mizani mbali na feni, muuza nyama aache kuegemeza kiwiko, na muuza nyama huyo yupo hapa, anajijua.

Desemba 1998 alimwandikia muuza nafaka mmoja akimtakia afya njema na maisha marefu, bila kujua kwamba walikuwa wameshamzika. Mjane wake alikuja karakanani, akaiweka kadi ile juu ya sahani ya mizani, akaondoka. Siku hiyo Baba alifunga mapema, akaketi sebuleni na viatu miguuni, chakula hakukigusa. Tangu hapo hakumwandikia mtu kabla ya kumwona au kumpigia simu, mpaka ukawa utani wenu kwamba ukikosa kadi ya Fundi Mizani, jipapase kwanza kama bado upo. Sisi wa nyumbani hatukuandikiwa kamwe, na Mama alipouliza, alijibiwa kwamba yeye anaonekana kila asubuhi, kadi ya nini. Jibu hilo nililichukia, wala leo sitalipamba.

Mwezi Mei mwaka huu Baba alianza kulalamikia tumbo, akajidanganya kuwa ni vidonda, nasi tukadanganyika naye, hadi alipolazwa tarehe 6 Oktoba na kugundulika kuwa ni saratani ya kongosho. Alituambia sote kwamba atapona, akaziandika kadi kitandani juu ya sinia la chakula, na tarehe 2 Desemba mdogo wangu akazipeleka posta. Wiki iliyofuata daktari alimweleza wazi kuwa mwaka mpya hataufikia. Alimwita mdogo wangu, akamwambia, "Kazirudishe zile kadi. Mfu hamtakii mtu heri ya mwaka."

Mdogo wangu alikwenda, akaomba, akaambiwa kuwa barua zimeshaondoka, akarudi na kumwambia ukweli, naye Baba akageukia ukutani. Aliaga dunia tarehe 11 Desemba, Mama akiwa amemshika mguu.

Sasa kadi hizo zimeanza kuwafikia, na wengine mmekuja nazo mfukoni bila kujua mseme nini. Baba amekufa akiamini kwamba ameirudia aibu ileile, na hilo linatuuma kuliko yote. Mjane wa muuza nafaka alikuja juzi, akakaa na Mama jikoni, na ndiye aliyetuomba tuwaambie msizirudishe, kwa sababu aliyewaandikia alikuwa hai, naye aliwapigia simu mmoja mmoja kuhakikisha mpo, huku pumzi ikimkatika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumkaripia kwa kuchafua mashuka kwa wino, majirani waliolala nasi sakafuni, na mafundi wenzake waliolitengeneza jeneza hili na kulipima mara mbili, kama ambavyo angewataka wafanye.

Jana mdogo wangu alifungua sanduku la posta la karakana, akakuta kadi moja iliyotumwa pamoja na zenu, kwa mwandiko wa Baba, imeandikwa jina la Mama. Mtu aliyesema kwamba mke anayeonekana kila asubuhi hana haja ya kadi, alimwandikia mkewe kabla daktari hajamwambia kwamba mwaka mpya hataufikia. Hiyo ndiyo bahasha mnayoiona mapajani mwa Mama, hajaifungua, na ametuomba tusimharakishe.

Pumzika kwa amani, Baba, kadi yako imefika.