Gauni Lililorudishwa na Basi

Katika bajaji ya kwenda Bagara, Bibi Xaveria alikuwa amepakata kuku wake, masikio ameyapeleka kwa majirani wa kiti. Coletha, binti anayeuza nguo kwa simu, alikuwa na gauni la kitenge lililorudishwa.

"Mteja alinipa vipimo vya mama yake kwa kukumbuka tu," alimwambia baba aliyeketi naye, ambaye hata jina lake hakulijua. "Kumbe mama ameugua, amekonda, gauni linampwaya. Sasa mteja anataka nimrudishie hela ya gauni pamoja na nauli ya mzigo."

"Rudisha ya gauni, mwanangu. Nauli imeshaliwa na basi."

"Lakini baba, anasema mama alilipenda, akalia lilipovuliwa."

Baba akakohoa kidogo. "Basi fundi alipunguze, umtumie tena."

"Na nauli ya kulituma?"

"Gawaneni."

"Nigawane na mgonjwa?"

"Wewe nawe! Biashara utaiweza kweli?"

Hata kuku alikuwa anasikiliza.

Bajaji ikasimama. Bibi Xaveria akashuka taratibu, kisha akarudisha kichwa ndani.

"Nauli mtajuana wenyewe. Ila mwambie fundi akunje tu, asikate kitambaa. Mama akipona atanenepa, watalifumua."