Umeme wa Msikiti

Assalaam alaikum, jamaa. Na wenzetu wa kanisani, hamjambo? Mimi si msemaji, mwajua, kazi yangu usukani. Lakini mwenyekiti kaniambia: madereva wenzako wataka tuktuk za umeme, simama uwaeleze yaliyokufika. Haya, nitayasema, na aibu yake.

Nilipoacha ya petroli nikachukua ya umeme, nilijiona mjanja. Haina kelele, haina moshi, abiria wa Ganjoni waipenda. Jambo moja sikuuliza: nitaichajia wapi? Nakaa Kuze, ghorofa ya tatu, kichochoroni ambapo hata mkokoteni wapita kwa taabu. Kituo kilikuwa kimoja, Changamwe. Uende, upange foleni, urudi, asubuhi imekwisha na chaji imeliwa na safari.

Sasa, msikiti wa mtaani petu una soketi barazani. Mzee anayeutunza hurudi kwake kupumzika baada ya alfajiri. Siku ya kwanza nilichomeka nusu saa tu. Nikajiambia, nitamwomba ruhusa kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Jamani, umeme wa wakfu! Nautia kwenye chombo cha biashara, kisha naswali safu ya mbele.

Ijumaa moja watu wanatia udhu, maji yakakatika. Tokeni za umeme zimekwisha kabla ya siku zake, pampu imezima. Mtu kaosha mkono mmoja, wa pili mkavu. Kamati ikamgeukia mzee: "Umeme huu wampa nani?"

"Sijui, wanangu," akasema. "Labda nasahau kuzima feni."

Nami nilikuwa hapo hapo, ndugu zangu. Nikajitia kukunja mikono ya kanzu. Wakamwambia atoe funguo za msikiti, kazi basi.

Siku tatu chakula nakiacha sahanini. Mke wangu akaniuliza, "Una nini wewe?" Nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Masikini, mzee wa watu," akaenda zake jikoni. Wallahi, bora angenitukana.

Adhuhuri ya siku ile ile nikasimama msikitini mbele ya watu nikasema, aliyeiba umeme ni mimi. Mzee akarudishiwa funguo. Mimi nikapewa maneno yangu, na niliyastahili.

Namshukuru mke wangu. Namshukuru na Mhindi mmoja mwenye duka Ndia Kuu, aliposikia alikuja akaniambia, "Bhai, ndugu yangu, mbona hukusema? Ukuta wangu si upo?" Akatuwekea soketi nje, na mita yake. Tangu iwepo, wawili kati yenu mmeshanunua za umeme, nyinyi nyinyi mliokuwa mkinicheka!

Basi wewe unayetaka kununua, tafuta kwanza pa kuchajia. Ukikosa, omba. Usifanye kama mimi.

Na mzee wangu, nakuona hapo mlangoni. Salamu yangu waitikia kwa kuwa ni faradhi, kisha wanigeuzia uso. Sikulaumu. Nimeshasema msikitini, na leo narudia mbele ya hawa: ulisingiziwa nami nikikutazama. Nisamehe, baba. Na usiponisamehe, nitazidi kukusalimia.